Binti Akitaka Uuguzi

Baba mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri, uso umemsawijika. Bintiye amepata alama ya B na ataka kusomea uuguzi chuo kikuu. Yeye achelea zamu za usiku. Nikamkumbusha Bi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewauguza majeruhi hemani Madina, Saad bin Muadh miongoni mwao. Wake zetu wajifunguapo twataka muuguzi mwanamke. Atatoka wapi tusiposomesha? Ila kabla ya kulipa karo ya miaka minne, hakikisha Baraza la Wauguzi la Kenya limeidhinisha kozi hiyo katika chuo hicho. Pasipo idhini, hatafanya mtihani wa leseni, na shahada itabaki karatasi. Usimzuie, ndugu yangu. Fuatana naye mkaulize.