Kabla ya Kununua Tarakilishi Nyingine, Tazama Draiva

Wahenga walinena kuwa mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Filamu tunazoziandaa kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu hutazamwa na shule nzima, lakini wanaokesha wakikata na kuunganisha picha ni mmoja au wawili. Katika chama chetu kazi hiyo ni yangu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mashindano yakikaribia, programu yetu ya kuhariri video ilianza kujifunga ghafla kila tulipotaka kuitoa filamu iliyokamilika. Mara skrini nyeusi, mara ujumbe kwamba kadi ya grafiki haipatikani. Fundi mmoja akatushauri tununue tarakilishi nyingine. Pesa tungezitoa wapi jamani? Kumbe dawa ilikuwa ya bure: draiva mpya.

Draiva ninayoisema hapa si yule wa matatu ya Rongo! Ni programu ndogo inayokaa kati ya Windows na kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha zote unazoziona kwenye skrini. Ni kama mkalimani. Nyanya wa Mbita ajuaye Dholuo pekee hawezi kuongea na mgeni wa Lamu bila mtu wa kati. Mkalimani akikosa msamiati mpya, mazungumzo huvurugika ingawa nyanya na mgeni wote ni wazima. Programu kama DaVinci Resolve huitwika kadi mzigo mkubwa, hivyo draiva iliyopitwa na wakati huiangusha upesi.

Basi fanya hivi:

1. Bonyeza kulia alama ya Windows, chagua "Device Manager", kisha "Display adapters". Utaona jina la kadi yako. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", jua kadi haina draiva yake.

2. Chukua draiva kwa aliyeitengeneza kadi, yaani Intel, AMD au NVIDIA, au kwa aliyeunda tarakilishi. Windows huweza kusema draiva yako ndiyo bora, kumbe mtengenezaji ametoa mpya zaidi. Tangu 2019, NVIDIA hutoa pia draiva ziitwazo Studio, maalum kwa kazi kama hizi.

3. Draiva nyingine huzidi megabaiti 500, kwa hivyo usimalize bando la mzazi. Ipakue mara moja penye intaneti nzuri, uibebe kwa flashi.

4. Hifadhi nakala ya filamu, funga programu zote, hakikisha stima au chaji ipo, ndipo uiweke. Ukimaliza, zima na uwashe.

5. Mambo yakizidi kuharibika, "Roll Back Driver" itakurudishia ile ya awali.

Draiva haitibu kila ugonjwa. Diski ikijaa, au kadi ikiwa kuukuu mno, tatizo litabaki palepale. Hata hivyo, anza na lisilo na gharama. Usiache mbachao kwa msala upitao.