Kihispania: Hesabu Mali, Usihesabu Wenye Mali

Anayejifunza Kihispania huku akijua Kiswahili ana faida ambayo aghalabu haioni. Tunasema "kitabu changu" na "vitabu vyangu". Mwenye navyo ni yule yule. Kilichobadilika ni idadi ya vitabu, na kimilikishi kimeifuata. Kihispania nacho kina upatanisho wa aina hiyo: "mi libro", "mis libros", "tu mesa", "tus mesas", "su hijo", "sus hijos". Herufi "s" ya mwisho inaonyesha kuwa vinavyomilikiwa ni zaidi ya kimoja. Kuhusu idadi ya wamiliki, haisemi lolote.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mtu akitaka kusema "nyumba yao", huwafikiria wenyewe walivyo wengi, akaandika "sus casa". Si sahihi. Nyumba ni moja, basi ni "su casa", hata wakiwa wamiliki kumi. Kinyume chake, mtoto mmoja mwenye vitabu vitatu ana "sus libros".

"Mi", "tu" na "su" hazibagui jinsia ya nomino. "Nuestro" (-etu) na "vuestro" (-enu) hubagua, ndiyo maana kila moja ina maumbo manne: "nuestro libro", "nuestros libros", "nuestra casa", "nuestras casas". Jinsia inayotazamwa ni ya nomino, si ya msemaji. Wanaume watupu wakitaja nyumba zao watasema "nuestras casas". Wana na mabinti wakitajwa pamoja huwa "nuestros hijos". "Vuestro" ni ya Hispania zaidi. Amerika ya Kilatini, mahali pake hushikwa na "su" na "sus".

Kwa hiyo "sus libros" inaweza kuwa vitabu vyake, vyao, vyenu, au vyako wewe unayeheshimiwa kwa kuitwa "usted". Mazungumzo yenyewe yasipofafanua, taja mwenye mali: "los libros de ella" (vya mwanamke huyo), "los libros de ellos" (vyao), "los libros de ustedes" (vyenu).

Kwa viungo vya mwili, kimilikishi mara nyingi huachwa. Sisi husema "nanawa mikono", nao husema "me lavo las manos". Hawana haja ya "mis manos".

Basi kabla ya kuandika "su" au "sus", jiulize swali moja tu: vinavyomilikiwa ni vingapi?