Kijiji kilichofunga mpaka, malipo yakapita kwenye jiwe

MZIGO wa nguo kutoka London ulifika Eyam, kijiji cha Derbyshire nchini Uingereza, mwishoni mwa kiangazi cha 1665. Nguo zilikuwa zimelowa, hivyo George Viccars, msaidizi wa fundi nguo, akazianika mbele ya moto. Inaaminika kuwa ndani yake walikuwamo viroboto wenye tauni. Mapema Septemba Viccars alifariki dunia, kisha majirani wakaanza kufuata.

Kisa hicho ndicho Geraldine Brooks, mzaliwa wa Australia aliyewahi kuwa mwanahabari, alichokijengea riwaya yake ya Year of Wonders iliyotoka mwaka 2001. Msimulizi ni Anna Frith, mjane anayefanya kazi nyumbani kwa kasisi. Fundi anayepokea nguo hizo ni mpangaji wake, na tauni inawachukua watoto wake wote wawili.

Anna ni wa kubuni, lakini kilichotokea mpakani ni cha kweli, na msomaji anayeishi kwa kuvusha mzigo atakielewa haraka.

Juni 1666, kasisi William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji wasitoke ili maradhi yasifike kwa jirani. Ombi hilo lilikwenda pamoja na ahadi ya chakula. Earl wa Devonshire, tajiri wa eneo hilo, alituma mahitaji, na watu wa vijiji vya jirani wakaleta bidhaa na kuziacha mpakani. Malipo yalikuwa sarafu zilizowekwa kwenye matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, kwa imani kwamba siki huua maradhi. Muuzaji na mnunuzi hawakuonana, ila biashara iliendelea kwa uaminifu.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Agosti 1666, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane. Mwezi huohuo Mompesson alimpoteza mkewe, Catherine. Tauni ilipokoma Novemba, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Leo tauni inatibika kwa antibiotiki mgonjwa akiwahishwa hospitali, lakini haijatoweka. Bado hujitokeza Ituri, mkoa wa Kongo unaopakana na Uganda.

Nasi tunajua mpaka uliofungwa unavyouma. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yaliruhusiwa kupita, ingawa madereva walikwama kwenye foleni ndefu Malaba wakisubiri majibu ya vipimo. Lakini mama anayevusha nyanya kwa beseni hana lori wala hati za forodha za shehena. Mpaka ukifungwa kwa watu, kwake umefungwa kwa kila kitu: mtaji, ada za shule na chakula cha jioni.

Hapo ndipo Eyam inapotufaa. Wanakijiji hawakuambiwa tu wakae ndani. Waliopanga zuio walipanga pia nani atawalisha, bidhaa zitaachwa wapi na malipo yatapitaje. Maradhi mengine yakija, maofisa wetu wa afya na forodha watakuwa na vipimo na fomu zao. Wachuuzi wadogo nao wawaulize mapema: jiwe letu liko wapi?