Ukuta Hauna Kosa

Nyumba nyingi kati ya Sakania na Lubumbashi zilianza zikiwa kichuguu. Katika misitu ya miombo ya Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, mchwa waitwao Macrotermes falciger wamejenga vilima vya udongo vinavyofika mita tano, sita na hata zaidi kwenda juu, vingine vikiwa na upana wa mita 15 chini. Mchwa huchota mfinyanzi kutoka tabaka za chini na kuupandisha, na huo ndio udongo anaoutafuta mfyatua matofali. Mvua zinapokatika, kichuguu hukatwa kwa jembe, udongo ukakandwa, ukafyatuliwa, ukaanikwa, kisha matofali yakapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni. Kiangazi kikiisha, kilima kimekuwa sebule na vyumba viwili. Halafu mchwa wengine huja kula mbao za paa lake.

Tofali la tanuri la kuni haliivi sawa na mwenzake. Lililokaa karibu na moto hutoka jekundu la kukolea, na ukiyagonganisha mawili hulia kama chuma. Lililokaa pembezoni hutoka limepauka; ukilizamisha kwenye ndoo jioni, asubuhi unakuta pembe zake zimelainika. Yote hayo huingia katika ukuta mmoja, na mara nyingi hushikwa kwa tope la kichuguu, kwa kuwa fedha ya simenti iliishia kwenye msingi. Ukuta wa namna hiyo ukiwa mkavu unaweza kusimama miaka mingi pasipo shida. Ukilowa chini, tope hutoka kidogokidogo, tofali baya hufuata, na siku moja ufa unaonekana juu ya dirisha. Hapo mwenye nyumba humwita fundi kuja kuziba ufa.

Ufa ni mahali ugonjwa unapoonekana. Unapoanzia ni kwingine.

Unaanzia kwenye maji ya paa, na hesabu yake haihitaji kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Paa la mita 60 za mraba, ambalo ni paa la nyumba ya kawaida kabisa, hupokea basi lita 72,000 kwa msimu, sawa na mapipa 360 ya lita 200. Mvua moja kubwa ya milimita 40 peke yake inamwaga mapipa 12. Kama nyumba haina mifereji ya bati pembeni, maji yote hayo yanaanguka kwenye mistari miwili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma, chini kabisa ya ukuta. Pale udongo huchimbika, tope hurukia matofali, na msingi unakaa ndani ya maji miezi mitano.

Tofali nalo hunywa. Maji hupanda ndani yake kupitia vitundu vidogo, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa koroboi, mpaka pale hewa inapoweza kuyakausha. Yanapokauka huacha chumvi, ule unga mweupe unaobandua lipu. Wengi hujibu kwa kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya giza, ili uchafu usionekane na ukuta uoshwe kwa kitambaa. Rangi hiyo ni hasara inayovaa sura ya usafi. Inaziba njia ya unyevu kutoka, kwa hiyo maji yanaendelea kupanda mpaka juu ya mstari wa rangi, na mwaka wa pili doa limefika usawa wa kitanda. Chokaa, ambayo Katanga inayo tangu zamani kwa sababu ya mawe ya Kakontwe karibu na Likasi, huacha ukuta upumue na gharama yake ni ndogo. Haing'ai, ni kweli.

Kwa nini makosa haya yanajirudia katika mji wenye mafundi wengi? Sehemu ya jibu imo katika historia. Reli kutoka upande wa Ndola ilifika Sakania mwaka 1909, ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka uliofuata. Waliokuja na reli na migodi waliwekwa katika nyumba za kampuni. Katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 na kurithiwa mwaka 1967 na kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, nyumba ilikuwa ya mwajiri, na paa likivuja lilikuwa paa lake. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na nyumba nyingi za kambi zikapita mikononi mwa familia zilizokuwa zikiishi ndani yake. Mtu akawa mwenye nyumba, na papo hapo akawa fundi wake mkuu, bila mshahara wa kumlipa fundi mwingine.

Katuba, moja ya kata za Lubumbashi, ilikuwa na njia nyingine. Huko, katika miaka ya 1950, utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina la Ferdinand Grévisse, afisa wa utawala wa kikoloni, ulimpa mkazi kiwanja na mkopo, naye akajenga mwenyewe. Aliyejenga kwa mkono wake anajua bomba limepita wapi na msingi una kina gani. Maarifa hayo yanastahili kuandikwa kwenye daftari la nyumba, maana mjenzi akifa huondoka nayo.

Mwaka wa ukarabati huanza Mei. Mvua zimekatika lakini ukuta bado haujasahau: mistari ya unyevu iko, madoa kwenye dari yana kingo za kahawia, na mtaro uliochimbwa na maji chini ya paa unaonekana wazi. Mwezi huu kazi ni kutazama. Chukua chaki au kipande cha mkaa, zunguka nyumba, chora mpaka wa kila doa na andika tarehe. Kwenye ufa, weka alama mbili, moja kila upande, na pima umbali kati yake. Ufa ambao mwezi Agosti umebaki vilevile ni jeraha la zamani, unazibwa. Ufa uliopanuka una sababu inayoendelea chini ya msingi, na simenti utakayoujaza nayo itapasuka pamoja nao.

Juni na Julai ni baridi. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hapo mbabula, jiko la mkaa, huingia ndani. Makala, ambayo kwa Katanga ni mkaa kwanza na maandishi ya gazeti baadaye, hutoa kaboni monoksidi: gesi isiyo na harufu wala moshi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumwua mtu akiwa usingizini. Wanaoziba kila upenyo kwa magazeti na matambara ili joto lisitoke ndio walio hatarini zaidi. Matundu yaliyoachwa juu ya madirisha yana kazi yake, na hata yakiwa wazi hayatoshi kulala na mbabula chumbani. Mbabula iwake nje, iingie kwa muda watu wakiwa macho na mlango ukiwa wazi, na itolewe kabla ya kulala.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya viungo vya matofali. Tope lililolika hukwanguliwa kwa kina cha sentimita 2, kiungo kinapulizwa vumbi litoke na kuloweshwa, ndipo kinajazwa mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga tano, ukiongeza chokaa kama ipo. Anayedhani kuzidisha simenti ni kuzidisha nguvu hukosea: kiungo kigumu kuliko tofali hulivunja tofali. Hewa kavu ya kiangazi nayo hunyonya maji ya simenti kabla haijakomaa, kwa hiyo kazi inyunyiziwe asubuhi na jioni kwa siku saba, au ifunikwe magunia yaliyolowa.

Agosti na Septemba ni za paa, na hapa mambo ni mengi.

Mabati, ambayo majirani wa Zambia huyaita malata, huuzwa kwa namba zinazowachanganya wanunuzi, kwa sababu namba ikipanda unene unashuka. Namba 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, namba 32 ni robo ya milimita. Bati huvuja kwanza kwenye msumari. Adhuhuri ya Septemba jua hulipasha mpaka likose kushikika, alfajiri limepoa, na bati la mita tatu hurefuka na kufupika kwa karibu milimita 2 kati ya saa hizo. Kila siku msumari unavutwa huku na huku, mpaka tundu linapanuka na washa inapasuka. Kuupiga nyundo msumari uleule hakusaidii. Ung'oe, weka mwingine wenye washa ya mpira mahali papya, kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde ambamo maji hupita, kisha ziba tundu la zamani kwa kiraka chenye lami. Panda asubuhi, kanyaga pale penye mistari ya misumari kwa sababu chini yake kuna mbao, na ikiwezekana tandika ubao. Nyumba za zamani zenye vigae vya mawimbi vya kijivu visivyo chuma ni suala jingine: vingi vya aina hiyo vina asbestosi, vumbi lake huharibu mapafu, na havipaswi kukatwa, kutobolewa wala kusuguliwa na mtu yeyote wa nyumbani.

Kisha upepo. Dhoruba za mwanzo wa mvua zinaweza kuondoka na paa zima, na jibu la mitaani ni kupanga juu yake mawe, matofali na matairi. Bati la namba 32 lina uzito wa kilo 2 hivi kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kulivuta kwenda juu kwa nguvu ya kilo 40 kwa mita hiyo hiyo, na pembeni mwa paa zaidi. Mawe machache hayafui dafu mbele ya hesabu hiyo, na likianguka moja lina kichwa cha mtu chini yake. Kinachoshika paa ni waya mnene uliofungwa kwenye boriti na kushuka ndani ya ukuta, tofali tano au sita kwenda chini, ili upepo ukitaka paa uubebe na ukuta. Nyumba iliyojengwa bila waya inaweza kutobolewa na kufungwa baadaye. Ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili.

Ukiwa juu, piga mbao kwa mpini wa nyundo. Ubao ulioliwa na mchwa hutoa sauti ya kopo tupu. Mubanga na mulombwa, miti ya miombo, hustahimili meno yao kuliko mbao nyepesi za bei rahisi. Njia za udongo zinazopanda ukutani, nyembamba kama penseli, zivunjwe kila wiki: mchwa wakizijenga upya, kiota kipo hai. Oili chafu ya gari wanayopakaa wengi hufukuza kwa muda, lakini huchafua udongo, na katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, lenye kisima, oili hiyo hurudi kwenye kikombe.

Waya za umeme zilizowekwa viraka kwa mkanda wa plastiki zisubiri fundi wake. Umeme kukatika hakumaanishi kwamba hautarudi wakati mkono uko ndani.

Oktoba, joto likiwa kali kuliko miezi yote, kazi inashuka chini. Mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi unahitaji mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita, na pimamaji ya kuupimia ni mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji: usawa wa maji kwenye ncha mbili ni mmoja daima, hata mpira ukizunguka nyumba nzima. Mvua zikishaanza, kilichobaki ni kuzibua na kuangalia. Jioni za mvua za kwanza kumbikumbi huruka, watoto wanakimbia na mabeseni, sufuria iko motoni. Wakitokea uani, ni kitoweo. Wakitokea kwenye sakafu ya chumba, sakafu hiyo ifukuliwe kiangazi kijacho.

Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga na kokoto kwa kipimo cha moja, tatu na tano, hutoa mkanda wa zege wa upana wa sentimita 60, unene wa sentimita 7 na urefu wa mita nne na nusu hivi, wa kuzunguka ukuta kwa nje ukiteremkia uani. Mwenye fedha ya mfuko mmoja tu mwaka huu aumwage pale, chini ya ukingo wa paa unaomwaga maji mengi zaidi. Rangi ya sebuleni ingoje mwakani.