Re, fa, la, ti chini ya kidole kimoja

Asubuhi ya Juni hapa Igwachanya, mkoani Njombe, vidole huwa vigumu kama vijiti, na anayejifunza ukulele hudhani baridi ndiyo inayomkwamisha. Analaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote nne, anabana mpaka kiganja kinauma, anapiga: nyuzi mbili zinalia, mbili zinakoroma. Kesho yake anabana zaidi, na zinakoroma vilevile.

Je, wajua kwamba kidole hicho kinadaiwa nyuzi mbili tu?

Tuichukue kodi ya maina sita ya A. Wanakwaya wanaosoma sol-fa wanaijua tayari: do ikiwa G, kodi hiyo ni re, fa, la na ti zikiimbwa kwa pamoja. Ukulele ya kawaida nyuzi zake ni G, C, E, A. Shahada hulala freti ya 2. Kidole cha kati hukanyaga uzi wa A freti ya 3, cha pete uzi wa C freti ya 4. Nyuzi hizo mbili zimeshapata wenyewe. Shahada imebakiwa na G na E, zinazotoa re na ti, basi nguvu yake yote iende huko. Kigeuze kidole kidogo kiegemee ubavu wa upande wa dole gumba, ambako mfupa uko karibu na ngozi. Upande wa ndani una mikunjo ya viungo, na uzi ukiangukia kwenye mkunjo haubanwi. Kisha kisogeze karibu kabisa na chuma cha freti.

Anza freti ya 5. Ukulele ya soprano ina uzi wa kama sentimita 35: nafasi ya freti ya kwanza ni karibu sentimita 2, ya tano ni kama 1.5, kwa hiyo vidole havitanuki sana. Umbo ni lilelile. Jina tu hubadilika, A ikawa C.

Jina la ukulele sikio la Mswahili hulisikia kama ukelele, lakini ni la Hawaii, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa kiroboto anayeruka. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu na Wareno kutoka Madeira, wakiwa na gitaa lao dogo liitwalo machete. Watatu kati yao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, walikuwa maseremala wa samani; kutokana na machete wakaanza kuunda ukulele, na mti uliopendwa kwa kazi hiyo ukawa koa. Koa ni akasia. Hapo ndipo Njombe inaponigusa moyo: miwati yetu, iliyopandwa na Kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa 1949 ili magome yake yasindike ngozi, nayo ni akasia, jenasi ileile.

Turudi kwenye kodi. Kati ya fa na ti pana nusu-sauti 6, nusu kamili ya oktavo, na ndiyo sababu haitulii. Ukiwa freti ya 2, inua shahada, uhamie G ya kawaida. Kwenye uzi wa E, ti inapanda freti moja, inakuwa do. Kwenye uzi wa A, fa inashuka freti moja, inakuwa mi. Uzi wa G, uliobanwa muda wote, unaachwa wazi, unalia peke yake.