Ngata Iliyo Chini ya Fuvu

"Achama, mwanangu. Zaidi kidogo."

"Lakini mama, mimi naumwa shingo!"

Kijana kaanguka na bodaboda, kaletwa kwenye chumba changu cha eksirei akiwa na kola shingoni. Wote husema hivyo. Pingili mbili za juu za shingo zimejificha nyuma ya taya na meno. Ukitaka kuzipiga picha kwa mbele, njia ni mdomo wazi.

Pingili ya kwanza wataalamu huiita atlasi, jina la jitu la hadithi za Wagiriki lililobebeshwa mbingu. Mimi niliyekua nikiteka maji Lushoto naiona ngata. Ni pete ya mfupa, haina lile gogo nene la pingili nyingine, na juu yake pana vishimo viwili ambamo fuvu hukaa. Ukiitikia kwa kichwa, fuvu hubembea humo.

Ya pili ndiyo yenye ajabu. Imeotesha kijiti cha mfupa kiitwacho jino, kikapanda hadi ndani ya ile pete. Kano imara imepita nyuma yake, ikilizuia lisirudi kuuminya uti wa mgongo. Ukitikisa kichwa kukataa, fuvu na ngata yake huzunguka pamoja kwenye jino hilo. Karibu nusu ya mgeuko wa shingo hutoka hapo tu. Pingili zinazofuata hugawana kinachobaki.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Sisi wateka maji tuliongeza juu yake ndoo ya lita 20! Bibi alitukataza kuinama: mzee ukimkuta njiani unapiga goti, shingo wima, ndipo unasema shikamoo. Shingo ikisimama, uzito hushukia mifupani. Ukiinamia simu, misuli ya kisogo ndiyo inayovuta mzigo.

Ndugu zangu mnaopenda kinyozi awaalishe shingo baada ya kunyoa, mimi simo. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupenya matundu ya pingili hizi, na msokoto wa ghafla unaweza kuuchana mmoja.

Picha ikatokea. Jino limesimama katikati ya pete, nafasi ya kulia sawa na ya kushoto.

"Vipi, mama?"

"Funga mdomo sasa. Majibu atakupa daktari."