Unachora apu? Anza nyuma ya skrini

Siku hizi kila kijana mwenye laptopu anachora apu. Rangi kali, vitufe vya mviringo, kurasa zinateleza kama siagi. Fiti kabisa. Lakini hebu nikuulize, ndugu yangu: data ya hiyo apu itakaa wapi? Jibu la swali hilo ndilo litaamua mtumiaji wako ataona nini, wala si rangi uliyochagua.

Huniamini? Chukua simu yako uangalie M-Pesa.

Ilipozinduliwa Machi 2007, Wakenya wengi walikuwa na mulika mwizi. Hakukuwa na mahali pa kuweka apu. Basi menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe, ile kadi ndogo unayochomeka kwa simu. Uamuzi huo ulifikisha huduma hadi kwa shosho kijijini, lakini ulikuja na masharti. Laini ina nafasi kidogo, kwa hivyo hakuna picha wala madoido, ni maneno tu. Simu inakuuliza swali moja kwa kila skrini: nambari, kisha kiasi, kisha nambari ya siri.

Na hapo ndipo watu walilia. Laini haijui nambari fulani ni ya nani. Majina yako kwa seva. Kabla ya kutuma, ulichoonyeshwa ni nambari ile ile uliyoandika mwenyewe. Jina lilikuja kwa SMS, pesa zikiwa zishaenda. Ukikosea tarakimu moja, kodi ya nyumba inaingia kwa mtu usiyemjua, na sasa ni kumbembeleza akurudishie. Hata mchoraji hodari vipi hangeweza kuweka jina pale mahali ambapo jina halikuwepo.

Baadaye ikaja Hakikisha. Jina linatokea, unapewa sekunde chache za kusimamisha. Unasimamisha vipi? Unaandika herufi au nambari yoyote, unatuma. Hakuna mtu anayeanza na karatasi tupu angechora kitu kama hicho. Lakini nyumba ilikuwa ishajengwa, na mlango ukawekwa palipobaki nafasi. Hata hivyo, umeokoa pesa za wengi.

Sasa piga *334#. Hapa laini haibebi menyu. Kila skrini inatoka kwa mtandao, na ukichelewa kujibu inakatika. Uzuri wake ni kwamba menyu ikibadilishwa leo, kila mtu anaiona leo, bila kugusa laini yake. Ubaya ni kwamba skrini moja haipiti herufi 182. Ndiyo maana maneno ni mafupi, na orodha ikiwa ndefu unaambiwa ubonyeze nambari fulani uone zaidi.

WhatsApp nayo ilifuata njia tofauti. Ujumbe unahifadhiwa kwanza ndani ya simu yako, kisha unasubiri mtandao. Ukiwa kwa matatu na mtandao umepotea, unaendelea kupiga stori. Unaona tu kasaa kadogo kando ya ujumbe. Tiki moja, umefika kwa seva. Tiki mbili, umefika kwa simu ya mwenzako. Alama hizo hazikuwekwa kwa urembo. Kila moja inakuambia ujumbe wako umefika kituo gani.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sitakujaza nadharia. Nina maswali tu ya kumuuliza yule anayeandika kodi kabla hujachora chochote. Data gani iko ndani ya simu, na gani lazima itoke kwa seva? Mtandao ukikatika mtu akiwa ashabonyeza "lipa", tutajuaje kama pesa zimeenda? Akibonyeza mara mbili, atalipa mara mbili? Tukitaka kubadilisha ukurasa mmoja, itabidi mteja atumie bando lake kupakua apu nzima upya?

Majibu yatakulazimisha kuongeza skrini ambazo hukuwa umefikiria: ya kusubiri, ya "bado haijatumwa", ya kuonyesha jina kabla ya pesa kuondoka. Si skrini za kuringia marafiki. Lakini mwendeshaji boda anayelipwa kupitia apu yako ataishi ndani ya hizo kuliko ile ya kwanza yenye rangi.

Leo jioni zima data kwa simu yako, kisha pitia mchoro wako ukurasa kwa ukurasa. Utajua mara moja ni zipi bado hujachora.